Upepo wa Sahare ndani ya tangi la lita 100

Wiki ya tatu tangu nimkabidhi baiskeli yake, mchuuzi wa samaki alirudi nayo uani kwangu asubuhi mapema, tenga likiwa bado tupu nyuma. Aliiegemeza kwenye shina la mkungu, akanisalimia kwa upole, kisha akasema, "Kaka, naona rangi imeanza kuvua gamba."

Hakuwa na hasira. Nilichuchumaa nikaitazama. Upande wa chini wa fremu, pale maji ya samaki yanapochuruzika, rangi ya buluu niliyoipuliza kwa siku mbili ilikuwa imetoka vipele vidogo vidogo, vingi, kama harara shingoni mwa mtoto wakati wa kaskazi. Nilikibonyeza kimoja kwa ukucha. Kikapasuka, na chini yake chuma kilikuwa kimeshashika kutu changa yenye rangi ya binzari. Nikabonyeza cha pili, nikabonyeza cha tatu. Vyote vilikuwa hivyo hivyo.

Mtu huyu anaishi kwa baiskeli hii. Alfajiri yuko mwaloni, saa 3 yuko mitaa ya Ngamiani, hapa Tanga mjini, akipiga kengele mlango kwa mlango, mchana anarudi Sahare, mtaa wetu wa pwani, na tenga lililolowa chumvi. Alinilipa nimpakie rangi ya kuzuia chumvi isile chuma, nami nikamfungia maji ndani ya rangi. Nilimwomba aniachie baiskeli, nikampa ya kwangu aendelee na kazi, nikamwahidi kuirudia fremu yote bila kumdai hata senti. Haya ninayoandika yanahusu miezi iliyofuata, na yanahusu kompresa, ile mashine ya kubana upepo tangini, kwa sababu kosa lilikuwa kwenye kompresa yangu, au tuseme kwenye namna nilivyoifunga.

Kazi yangu ya mshahara ni ya mezani. Baiskeli nazishughulikia jioni na mwisho wa wiki, kwenye banda ambalo marehemu baba alilijenga ubavuni mwa nyumba kwa ajili ya gari: mita 3 kwa 6, kuta za matofali ya saruji, bati juu, mlango wa mbao unaotazama mashariki. Kutoka mlangoni hadi baharini ni mwendo wa dakika chache, na wakati wa kusi unausikia upepo ukilia kwenye matundu yaliyo juu ya ukuta. Mji wetu ni tambarare na baiskeli ni nyingi, kwa hiyo kazi haikosekani. Kwa miaka 3 nilipaka kwa brashi. Brashi inaacha michirizi, na kwenye maungio ya fremu rangi hujikusanya, ikikauka inakuwa nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Nilitaka kupuliza, na anayetaka kupuliza lazima awe na upepo.

Kompresa niliinunua iliyotumika. Mota yake ni ya kilowati 2.2, yaani nguvu farasi 3, inazungusha kwa mkanda kichwa chenye pistoni 2, na tangi ni la lita 100 lenye kibati kinachosema mwisho wake ni presha ya bar 8 (bar 1 ni karibu sawa na presha ya hewa ya kawaida inayotuzunguka). Muuzaji alinihakikishia kwamba inajaza upesi. Anayekwenda kununua mtumba wa namna hii na aende na hesabu ifuatayo, maana haihitaji kifaa chochote ila saa ya simu. Toa upepo wote tangini, funga, washa, halafu hesabu dakika hadi geji ifike bar 8. Tangi la lita 100 likifika hapo limeongezewa lita 800 za hewa ya kawaida. Gawanya 800 kwa dakika ulizohesabu, utapata kazi halisi ya mashine. Kibati cha yangu kiliandikwa lita 330 kwa dakika, lakini namba hiyo ni ujazo ambao pistoni zinaufagia, si upepo unaofika tangini. Hata kompresa mpya hutoa pungufu ya namba hiyo, na pungufu ya thuluthi moja ni jambo la kawaida kwa mashine hizi ndogo. Yangu ilichukua dakika 6 na sekunde 40. Hiyo ni lita 120.

Nilipofungua kichwa nilikuta vibamba vya valvu vimeganda masizi na ringi zimechoka. Nikaweka ringi mpya na gasketi mpya, vibamba nikavisugua juu ya kioo kwa msasa laini mpaka vikakaa sawasawa, kisha nikapima tena. Dakika 4 kamili, lita 200. Kwa bunduki ndogo ya rangi ninayotumia kwenye fremu, upepo huo unatosha na kubaki. Nilifurahi sana siku ile, nikaiunganisha mashine kwa mpira mrefu, nikaanza kazi. Nilidhani nimemaliza.

Vipele vilipotokea niliituhumu rangi kwanza. Kisha nikaituhumu tina, kwamba labda ilichakachuliwa. Kisha nikajituhumu mwenyewe, kwamba huenda nilishika chuma kwa mikono yenye jasho baada ya kukipiga msasa. Jumamosi nikamfuata mzee mmoja wa mtaa wa pili, mtu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya shamba la mkonge, akitunza matrekta na korona, zile mashine za kuchakata mkonge.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Iko wapi hiyo mashine?"

Baiskeli hakuitazama kabisa. Aliizunguka kompresa mara moja, akainama, akapitisha kiganja chini ya tumbo la tangi.

"Mara ya mwisho umeifungua chini lini?"

"Chini wapi, mzee?"

Akaomba spana na beseni. Alitoa upepo wote kwanza, akasubiri mpaka mshale wa geji ukalala kwenye sifuri, ndipo akailegeza bolti iliyokuwa imefichika chini kabisa ya tangi, ikiwa imeshikwa na kutu. Maji yakatoka. Sikuwa nimetarajia zaidi ya matone. Ulikuwa mchirizi mzito, mwekundu kama chai ya rangi, ukaendelea kutiririka muda ambao nilidhani utakoma na haukukoma, hadi beseni likakaribia nusu. Juu yake ulielea utando wa oili unaong'aa rangi saba.

"Ulikuwa unapaka chuma maji, mwanangu," alisema mzee, akijifuta mikono. "Upepo wa huku si wa Lushoto."

Maneno hayo nimeyafikiria mara nyingi. Sisi Waswahili tunasema tairi halina upepo, tunajaza upepo, mashine ya upepo, na neno ni lile lile la kusi na kaskazi. Nilikuwa nalitumia kila siku bila kulisikia. Kilichomo ndani ya tangi langu ni upepo kwelikweli, upepo wa Sahare, umetoka baharini ukiwa umebeba bahari, mimi nimeufungia ndani ya chuma na kuubana.

Hesabu yake iko hivi. Mita 1 ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30, ikishiba mvuke kabisa, hubeba takriban gramu 30 za maji. Tuseme unyevu ni asilimia 80, jambo la kawaida kwetu wakati wa masika: hapo inabeba gramu 24. Kompresa ikiibana hewa hiyo hadi bar 7 kwenye geji, ambayo haihesabu ile bar 1 ya hewa ya kawaida iliyomo tangu mwanzo, mita 8 za ujazo zinasongamana kwenye nafasi ya mita 1. Zimeingia na gramu 192 za maji. Lakini nafasi ya mita 1, hata hewa ikibanwa vipi, haiwezi kushika mvuke zaidi ya zile gramu 30 kama joto limerudi pale pale. Gramu 162 zilizobaki hazina pa kukaa, zinageuka maji. Kwa mashine inayovuta lita 200 kwa dakika, kila saa 1 ya kuzunguka inatengeneza karibu robo lita. Lushoto kuna baridi, na hewa ya baridi haina nafasi ya kubeba mvuke mwingi tangu mwanzo, ndiyo maana mzee alisema vile.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo nililokuwa nimelikosea hata kabla ya ile bolti. Upepo unapotoka kwenye kichwa ni wa moto, huwezi kulishika bomba lake. Ukiwa wa moto, maji yake bado ni mvuke, hayaonekani, wala kichujio hakiwezi kuyakamata. Mimi nilikuwa nimefunga kichujio cha maji pale pale kwenye tangi, kwa sababu ndipo tundu lilipokuwa. Kichujio kilikuwa kikavu kila nilipokiangalia, nikajiona niko salama. Wakati huo mvuke ulikipita, ukaingia kwenye mpira wa mita 10 uliolala sakafuni penye ubaridi, ukapoa humo, ukageuka matone, na matone yakafika kwenye bunduki pamoja na rangi. Kichujio kilikuwa kizima; nilikiweka mahali ambapo maji hayajawa maji.

Kabla ya kurekebisha hayo ilibidi nijue kama tangi lenyewe ni la kutunzwa au la kutupwa. Tangi lililokaa na maji linaliwa kwa ndani, chini, pale usipopaona. Na nguvu iliyomo si ya kuchezea. Kitako cha tangi langu kina kipenyo cha sentimita 37. Kwa bar 8, kinasukumwa kwa nguvu sawa na uzito unaozidi tani 8. Tangi likipasuka likiwa na upepo, chuma kinaruka kama bomu. Wapo mafundi wanaogonga kwa nyundo na kusikiliza mlio. Kugonga kunaweza kukuonyesha sehemu iliyooza kabisa, lakini hakukwambii sehemu iliyobaki nyembamba itastahimili nini.

Njia ya uhakika ni maji, kwa sababu maji hayabanwi kama hewa. Nililijaza tangi ndoo 5 za lita 20 hadi pomoni, nikaliinamisha huku na huku ili pasibaki povu la hewa, nikafunga matundu yote, nikamwazima fundi bomba pampu yake ya mkono ya kupimia mabomba. Tukalipandisha taratibu hadi bar 12, yaani mara moja na nusu ya kibati, tukaliacha nusu saa. Mshale haukusogea. Tukapita na tochi ya simu kwenye kila mshono wa weldingi na kwenye miguu, tukipangusa na karatasi kavu. Hakuna jasho. Kama lingepasuka, tungelowa tu, maana maji yakipata mwanya presha inakufa papo hapo. Kwenye sehemu za kazi za watu, ukaguzi wa matangi ya presha husimamiwa na OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Banda la nyumbani halina mtu wa kuja kulikagua, kwa hiyo wajibu unabaki kwa mwenye nyumba, na watoto wanaopita uani ni wake. Lingevuja ningelitoboa mwenyewe ili asije mtu akalifufua. Kuziba tangi la presha kwa weldingi ya mtaani ni jambo ambalo sitalifanya na simshauri mtu.

Hata hivyo sikuona sababu ya kulisukuma tangi la zamani hadi mwisho wake. Swichi ya presha niliirekebisha ikate kwenye bar 7 na kuwasha tena kwenye bar 5, na valvu ya usalama nikanunua mpya ya bar 8. Chumvi ya huku hushikanisha kila kitu cha shaba na chuma, kwa hiyo kila mwezi navuta kipete cha ile valvu hadi ipige mluzi, nijue bado inafunguka.

Ile bolti ya chini niliitoa moja kwa moja. Mahali pake nimeweka kiwiko, kipande cha bomba kinachotokeza mbele ya tangi, na koki ya mpini mmoja, ya kufungua kwa robo mzunguko. Ni vifaa vya bei ndogo kuliko kopo la rangi. Lakini kazi ya kulala chini na kushika spana haifanywi kila siku, na hii ni kazi ya kila siku. Sasa inafanywa nikiwa nimesimama.

Kisha bomba. Hapa ndipo nilipotumia muda wangu mwingi na sijutii hata saa moja. Watu wawili walinishauri nitumie yale mabomba ya plastiki ya PVC kwa sababu ni rahisi na kila duka la vifaa vya ujenzi linayo. Nawaomba wasomaji wangu, msifanye hivyo. PVC ikibeba maji ikapasuka, inavuja. Ikibeba upepo ikapasuka, inavunjika vipande vyenye ncha na kuvirusha, na joto la chini ya bati huidhoofisha zaidi. Nilinunua bomba la chuma la robo tatu inchi, lile lililopakwa zinki, nikakatiwa na kuchongewa nyuzi na fundi bomba yule yule.

Kutoka tangini linatoka kwa kipande cha mpira mzito cha mita 1, ili mtikisiko wa mashine usiende ukakata bomba. Baada ya hapo ni mita 12 za chuma kitupu kuzunguka kuta. Sikulipitisha juu chini ya bati, maana mchana pale juu ni tanuri na mimi nataka upepo upoe. Nimelipitisha usawa wa kifua, kwenye ukuta tunaochangia na nyumba, ukuta ambao jua haliugusi. Na nimelilaza kwa mteremko, sentimita 1 kwa kila mita, likishuka kutoka kwenye mashine kwenda mwisho. Mteremko huo niliupima kwa mpira mwembamba wa maji wa kupimia msingi, ule wanaoutumia waashi. Mwisho wa bomba kuna mkia unaoshuka chini karibu na sakafu, wenye koki yake. Maji yanayopoa njiani yanatambaa chini ya bomba hadi kwenye mkia huo na kusubiri.

Matoleo ya upepo, yaani pale ninapochomeka mpira, hayatoki chini ya bomba. Mzee alisisitiza sana hili na nilipolielewa nililipenda. Kila toleo linatokea mgongoni mwa bomba, linapanda kidogo, linapinda kama kichwa cha bakora, ndipo linashuka. Maji yakipita yanatambaa chini, hayawezi kuruka ukuta huo. Kichujio na kirekebisha presha sasa viko mwisho kabisa, kando ya meza ya rangi, ambako upepo umeshapoa. Siku ya kwanza niliyowasha na mpangilio huu, kile kikombe cha kichujio ambacho kilikuwa kikavu miezi yote kilianza kupata maji kidogo, na ule mkia wa ukutani ulinipa nusu kikombe cha chai. Nilisimama nikautazama ule mkia kwa muda mrefu. Yote yale yalikuwa yakienda kwenye rangi za watu.

Kwa fremu zenyewe nimeongeza chupa ya chembe za silika baada ya kichujio, zinyonye mvuke uliobaki. Zangu ni za rangi ya chungwa na hugeuka kijani zikishiba. Nazikaanga kwenye kikaango cha karakana, kisichorudi jikoni kamwe, kwa moto mdogo hadi rangi irudi.

Kwenye umeme niliteseka kwa ujinga wangu wa awali, na nadhani mabanda mengi ya nyumbani yanateseka hivyo hivyo. Nilikuwa nimeichomeka kompresa kwenye soketi ya sebuleni kwa ekstensheni ya mita 30 ya waya wa milimita 1.5. Mchana inawaka. Saa 2 usiku, mtaa mzima ukiwa umewasha taa na majokofu na pasi, inaguna, taa zinafifia, haizunguki. Fundi umeme aliweka mita yake: kwenye soketi tulikuwa na volti 205, na mwisho wa ekstensheni, wakati mota inajaribu kuanza, volti 165. Mota ya namna hii inayotumia kama ampea 14 ikiwa inazunguka, hudai hata mara 4 au 5 ya hizo kwa nukta ile ya kuanza, na waya mwembamba mrefu unazila volti njiani kabla hazijaifikia. Ikiguna hivyo mara nyingi, kapasita inakufa, baada yake mota. Tulivuta waya wake peke yake kutoka meni swichi, milimita 4, mita 18, ukiwa na breka yake na waya wa ethi uliofungwa hadi kwenye mwili wa tangi. Sasa hata saa 2 usiku inaanza. Mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA, hasa kama sakafu ya banda lako ni ya saruji inayolowa kama yangu. Kuhusu LUKU, ikizunguka saa nzima bila kupumzika inakula uniti 2 na nusu hivi, lakini kwa kazi zangu haizunguki hivyo, na mashine ndogo kama hii haifai ilazimishwe. Nusu ya muda iwe inapumzika.

Uvujaji niliupima kwa usiku mmoja. Nilijaza kabla ya swala ya Isha, nikazima swichi ya ukutani, na alfajiri nikakuta geji imeshuka kutoka bar 7 hadi 4. Povu la sabuni likanionyesha maungio 2 ambayo sikuyafunga vizuri, na chini ya swichi ya presha kulikuwa na mnong'ono wa upepo usiokoma. Mnong'ono huo baada ya mashine kuzima maana yake ni valvu ya kuzuia upepo usirudi haikai vizuri, tangi linapumua kwa nyuma. Niliifungua, nikaisafisha, ukakoma. Usiku wa pili ilishuka kwa nusu bar tu.

Mashine yenyewe nimeihamishia nje ya chumba cha rangi, kwenye kibanda kidogo kilichoegemea ukuta wa nyuma. Swichi ya presha hutoa cheche kila inapokata na kuwasha, na mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni kutafuta cheche. Vitu hivyo viwili visikae chumba kimoja. Miguu ya kompresa imekaa juu ya vipande vya tairi la lori, na bolti zake sikuzikaza kwenye saruji, ziko huru kidogo, kwa sababu tangi lililobanwa hutikisika hadi likapasuka kwenye miguu. Kelele zimepungua, lakini hazijaisha. Jirani yetu bibi alinijia uani akaniambia, "Mjukuu wangu, nisaidie mchana wa Ijumaa na baada ya Isha." Siku hizi baada ya Isha siiwashi kabisa, isipokuwa usiku ule wa kupima umeme, na ule nilimwomba radhi kabla.

Oili naitazama kwenye kioo chake kila Jumamosi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kwa hali yetu hutokea upesi, hasa mashine ikiwashwa dakika chache chache bila kupata moto wa kutosha kuyakausha. Natumia oili ya kompresa yenyewe, ya mnato wa ISO VG 100. Ya gari imetengenezwa iyashike maji na uchafu ndani yake. Hii inayaacha yatengane.

Watoto wa mtaa waligundua mashine kabla ya watu wazima. Jioni wanakuja na mipira yao. Mpira wa miguu unataka bar 0.6 hadi 1.1 tu, na tairi la baiskeli kubwa la kawaida psi 45 hivi, yaani bar 3, kwa hiyo toleo la mlangoni nimelifunga kirekebisha presha chake na sikiachi kizidi hapo. Tyubu ya baiskeli ni ndogo mno kwa tangi la lita 100, hujaa kwa nukta chache na kupasuka usoni mwa mtoto aliyeinama. Bure kabisa, sidai. Nina sharti moja na ninalisimamia: hakuna kujipulizia upepo mwilini. Kijana mmoja aliyetoka kupiga msasa, amejaa vumbi, alitaka kujipangusa nao mikononi na kichwani, nikamzuia. Upepo wa presha ile unaweza kupenya kwenye jeraha dogo na kuingia mwilini, na jicho haliwezi kuuhimili. Tuna ufagio na tuna maji.

Fremu ya mchuuzi niliivua rangi yote hadi chuma cheupe. Mashimo ya kutu niliyachokonoa moja moja kwa brashi ya waya, nikaifuta kwa tina mara 2, nikavaa glavu safi. Nikasubiri hadi saa 6 mchana, jua limeshakausha ukungu wa asubuhi, nikafungua koki ya tangi, nikafungua mkia wa ukutani, nikapuliza upepo mtupu kwenye kipande cha kioo kwa dakika nzima nikitafuta tone. Hakukuwa na tone. Praima, yaani rangi ya kutangulia, siku 1 ya kukauka, kisha buluu, kwa bar 2 kwenye bunduki, tabaka 3 nyembamba.

Hiyo ilikuwa Julai. Masika mengine yamepita tangu wakati huo. Juzi alinijia tena alfajiri, mara hii akiwa na tenga limejaa vibua, akashuka, akaigeuza baiskeli juu chini bila kusema neno ili niione mwenyewe. Kuna mikwaruzo ya mawe, na pale tenga linaposugua rangi imeisha kabisa, hilo ni la haki. Vipele, hakuna. Nilipitisha kidole chini ya bomba lote.

"Mdogo wangu naye anayo," alisema. "Ya kwake imeoza zaidi ya hii. Nimwambie ailete?"

Nilimwambia ailete Jumamosi, saa 6 mchana, jua likiwa limepanda.